Shajara ya ridi za matete: obo Kigoma, Mei mpaka Oktoba 2024

Mwisho wa Mei

Naanza kuandika leo kwa sababu nimefungua kiboksi changu cha ridi nikakuta zimebaki nne, na moja kati ya hizo ina ufa kwenye ncha, af nina wanafunzi watatu na mwaliko wa kwenda kupiga Tabora mwezi wa nane. Kwa wasioijua obo, ni chombo cha muziki cha kupuliza, chenyewe ni mti mweusi wenye vitufe vya chuma ila kinacholia ni vile vipande viwili vyembamba vya mwanzi vimefungwa pamoja kwa uzi juu ya kimrija cha shaba, ukipuliza vinatikisika vinagongana, ndo sauti hiyo, na vipande hivyo ndo ridi. Bila ridi mkononi una kipande cha ubao tu. Na ridi nzuri ukiipiga kila siku inakupa kama wiki mbili, ikizidi sana tatu, inalegea inakufa unaanza nyingine.

Ya kununua nje, ukijumlisha na usafiri, inanifikia elfu hamsini mpaka sabini, ridi moja. Mzigo wa mwisho nlioagiza ulikaa wiki sita kwenye ofisi moja wanazungushana na karatasi, ulipotoka ridi mbili zilikuwa zimepasuka.

Sasa Ziwa Tanganyika nalo limefungwa tangu tarehe 15 mwezi huu mpaka Agosti 15, ni mara ya kwanza mwaka huu wa 2024, uvuvi umesimama wote ili samaki wazaliane. Naelewa kabisa sababu na naiunga mkono, ila mama wa mmoja wa wanafunzi wangu, binti wa Katonga, anaanika dagaa, ndo maisha yao, siwezi kwenda kumwambia mama changia elfu sitini ya kitu ambacho mwanao atakitafuna kwa bahati mbaya jumanne ijayo. Kwa hiyo mradi ni huu: nitengeneze ridi hapahapa Kigoma kwa matete ya hapahapa, nipime kila hatua niandike, na kwa bahati msimamizi wangu wa masters amekubali iwe ndo utafiti wenyewe. Watu wananiuliza wewe ni mwanamuziki au mwalimu au mtafiti, maana huonekani umeshika moja. Kwenye obo huwezi kuzitenganisha hizo, mpigaji wa obo duniani kote anakaa mezani na kisu kabla hajakaa jukwaani, na mwanafunzi asiyejua kuchonga ridi yake hajafundishwa nusu ya kazi.

Juni, wiki ya kwanza

Nimeenda Luiche kule mto unapoingilia ziwa, kusini ya Ujiji, matete yamejaa mpaka huoni mtu mwenzako. Sema maji ya ziwa yamepanda sana miaka hii, sehemu nilizokuwa nakumbuka utotoni tunapita kwa miguu sa hivi ni mtumbwi. Nilikuwa na babu mmoja wa Ujiji anayejenga nyua na vizimba vya kuku kwa matete tangu ujana wake. Nikampa shikamoo, nikamweleza nataka matete ya kutengenezea kitu cha kupuliza, akanitazama akasema mjukuu wangu, basi usichukue haya yanayopendeza. Haya ya kijani yanayong'aa yana maji, yakikauka yanajikunja. Chukua yaliyokwisha toa maua, yaliyoanza kuwa na rangi ya majani makavu, na ukate juu ya pingili ya tatu kutoka chini maana chini kabisa pamejaa tope. Akasema pia tusikate mwezi ukiwa mchanga, fukusi watayala. Hilo la mwezi nimeliandika kwenye daftari kama alivyolisema na nimetenga fungu la kukata mwezi ukiwa mpevu na fungu la mwezi mchanga, tutaona wenyewe.

Huko Ufaransa wanakolima mwanzi wa ridi, mkoa wa Var karibu na bahari ya Mediterania, wanakata wakati wa baridi na wanaukausha mda mrefu, kama miaka miwili, kabla haujafika kwa mchongaji. Mwanzi wao unaitwa Arundo donax, una ukuta mnene na mgumu. Matete yetu ya ziwani ni jamii nyingine, Phragmites, na hapo ndo shughuli ilipo. Kwa obo unatafuta bomba lenye kipenyo cha milimita 10 mpaka 11 kwa nje. Siku nzima nimekata mashina 118, kipimo cha venia mkononi, yaliyofika 10 ni 23. Mengine ni membamba. Na kati ya hayo 23 kumi na moja tu ndo yenye ukuta wa kueleweka.

Babu hakutaka hela, amesema nikifanikiwa nije nimpigie.

Juni, mwishoni

Nimeyaanika juu ya dari la bati kwa mama mkubwa, wima, yanageuzwa kila siku yapate jua sawasawa. Sina miaka miwili ya kusubiri. Nina jua la kiangazi la Kigoma.

Kuhusu wanafunzi. Wako watatu, binti wa Katonga ana miaka 14, dogo wa Mwanga 12, na kaka wa Gungu ni mkubwa kidogo yuko kidato cha nne anaimba besi kwaya. Wanashea obo moja ya plastiki ngumu niliyopewa na mwalimu wangu nilipomaliza kusoma, ile ya mpingo ni yangu na nawaruhusu kuishika jumamosi tu tukiwa wote. Wanasoma muziki kwa do re mi kama kwaya zote za huku na sijawabadilisha, noti za mistari zitakuja taratibu.

Kinachowasumbua wote ni pumzi na nataka nikiandike vizuri maana hakuna aliyeniandikia mimi. Kwenye filimbi au tarumbeta hewa inakuisha. Kwenye obo hewa HAIISHI, tundu la ridi ni dogo sana, kwa hiyo unapuliza sentensi nzima na bado kifua kimejaa, ila hewa iliyojaa imeshatumika haina faida, mwili unalia unataka mpya na hakuna nafasi ya kuiweka. Mtoto anakuwa mwekundu macho, anavuta juu ya iliyopo, anapata kizunguzungu. Dawa yake ni kutoa kwanza ndo uvute. Nimewaambia wawaze wapiga mbizi wanaocheza pale ufukweni, akiibuka kitu cha kwanza anachofanya ni PUUH, anatoa, hajavuta bado. Binti wa Katonga akaelewa palepale. Ametoa, akavuta, akapiga mstari mzima wa tenzi bila kukatika, kaka wa Gungu akampigia makofi.

Julai

Kazi ya meza imeanza. Naandika hatua zote hapa ili yeyote mwenye kisu aweze kujaribu.

Unapasua bomba la tete kwa urefu vipande vitatu. Unaangalia kwa jicho kama kipande kimenyooka, ukikilaza kwenye kioo kikayumba tupa. Kata urefu wa sentimita saba na nusu hivi. Alafu unakwangua ndani. Kwa mwanzi wa Ufaransa unakwangua mpaka ubaki na unene wa milimita 0.6 katikati, na pembeni pembamba zaidi. Kwa matete ya Luiche ukuta mzima ni kama 0.9 kabla hujagusa na robo yake ya ndani ni laini kama sponji, kwa hiyo huna nafasi ya kukosea, unatoa ule usponji tu basi. Unaloweka majini, unakunja katikati, unachonga mabega yawe na umbo, unafunga kwa uzi kwenye mrija wa shaba wa milimita 47, kwa nguvu, uzi ukikaza mpaka mbavu mbili za mwanzi zinakutana pasipo mwanya. Ndo unafungua ncha kwa kisu na unaanza kukwaruza. Ncha inatakiwa iwe nyembamba kiasi ukiishika juu ya taa unaona mwanga unapita.

Nimekwaruza ridi ya kwanza kuanzia saa mbili usiku mpaka saa tano. Unakwaruza mara tatu, unaweka mdomoni, unapuliza ridi peke yake bila chombo unasikiliza inavyolia. Mara tatu tena. Mkono wa kushoto unachoka kuliko wa kulia maana ndo unaobana. Ridi hiyo ya kwanza ililia! Kwa mda wa kama dakika kumi na mbili ilikuwa na sauti nzuri nyepesi, nikapiga skeli mbili, alafu ikaanza kunywa mate, ikavimba, ncha ikajifunga kama mdomo wa kome. Ya pili ilipasuka kwenye kukunja. Ya tatu kwenye kukunja. Ya nne, tano, sita, kwenye kukunja. Ya saba ililia nusu saa ila noti A inayotakiwa kuwa hezi 440 ilikuwa inanipa 428, iko chini, yaani ukiweka na kinanda watu wanakunja sura.

Nimelala saa nane. Asubuhi nimekuta mama mkubwa amefagia vipande vyote akaviweka kwenye bakuli, amedhani ni vya maana, na kweli vilikuwa vya maana, nimevipima vyote.

Agosti, katikati ya mwezi: Tabora

Nimesafiri kwa treni, kama kilomita 400 na kidogo, Uvinza, Nguruka, Kaliua, Urambo. Obo nimeipakata njia nzima ndani ya kanga. Reli hii ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914 na kila nikipanda nawaza vitu vilivyopita juu yake kwenda pwani, mbao, asali, nta, chumvi ya Uvinza.

Na mpingo. Hili lazima niliseme. Obo karibu zote za mbao duniani zinatengenezwa kwa mpingo, Dalbergia melanoxylon, mti wetu wa taifa, mzito mpaka unazama majini. Mwingi unatoka kusini, Kilwa, Lindi huko, na Kilwa kuna vijiji vilivyopata cheti cha FSC, shirika la kimataifa la usimamizi wa misitu, mwaka 2009 cha kuvuna msitu wao kwa utaratibu, hela ikarudi kijijini, jambo ambalo naliheshimu sana. Mti unaenda Paris kwa watengenezaji kama Lorée walioanza 1881, unakaa miaka unakauka, unatobolewa, unawekewa vitufe, unarudi kwetu ukiwa na bei ya shamba. Mimi ninayetoka nchi ya mti huo nimeshika obo ya mpingo kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 19, Ulaya. Ndo maana nang'ang'ana na ridi. Mpingo siwezi kuutoboa kwa mashine sina, ila mwanzi nina kisu.

Tabora hewa ni kavu na usiku wa Agosti ni baridi, na pako juu, kama mita 1,200 wakati Kigoma pale ziwani ni 770 na kitu. Nilivyofungua kiboksi asubuhi ridi zote zilikuwa zimebadilika tabia. Mwanzi umesinyaa, uzi umelegea, hewa inavuja pembeni, unapuliza unasikia sss. Na chombo chenyewe nikaogopa, maana mpingo wa obo unapasuka ukiupuliza hewa ya moto ndani wakati nje bado una baridi. Nikaukumbatia kwapani robo saa kabla ya kupiga hata noti moja, nikakagua sehemu ya juu kote kwenye matundu ya tirili (ya kupishanisha noti mbili haraka) kwa tochi ya simu. Hakuna ufa, namshukuru Mungu.

Nikaenda sokoni kutafuta nta. Tabora ni nchi ya nyuki, mama mmoja anayeuza asali akanikatia kipande kama ngumi akanipa kwa buku. Nikauliza ya nini wanachukua watu, akasema mafundi ngozi na wa mishumaa, we ni fundi gani? Nikamwambia fundi wa kupuliza. Nta hiyo nimeipaka kwenye uzi nikafunga upya ridi mbili, na nikasugua kidogo kwenye mbavu pale panapovuja. Ikaziba! Naisifu kuliko nta zote nilizowahi kutumia, inanata bila kuwa ngumu na inanukia miombo. Nimepiga jioni kwa ridi hizo kanisani, watu kama mia mbili, wengi hawajawahi kuiona obo. Mzee mmoja baada ya ibada amenishika mkono akasema Tabora hii alikulia na bendi za Kiko Kids, Nyanyembe na Tabora Jazz, amesikia saksafoni maisha yake yote ila hii yako mjukuu inaongea kama mtu anayejizuia kulia. Nimeitafakari sentensi hiyo njia nzima ya kurudi.

Septemba

Ziwa limefunguliwa tangu mwezi uliopita na dagaa wamerudi Kibirizi, binti wa Katonga anakuja darasani ananuka ziwa na sisi wote tumefurahi.

Msimamizi amesikiliza voisi zangu zote na akaniuliza swali moja lililobadilisha kila kitu: kwa nini unailazimisha tete iwe mwanzi wa Ufaransa? Nikapiga simu kwa mzee mmoja mpiga zumari Unguja niliyeunganishwa naye. Zumari ni ndugu wa obo kabisa, ukoo mmoja, mababu zao walienda Ulaya kutoka nchi za Kiarabu na Uajemi, wakawa chombo cha kelele cha sherehe za nje, mpaka katikati ya karne ya 17 mafundi wa ikulu ya Ufaransa wakakipunguza makali kikaweza kuingia ndani ya chumba. Mzee akaniambia wao ridi yao ni jani la mnazi au la mvumo limekunjwa, jembamba sana, na hawalipimi kwa mashine, wanalifanya fupi likiwa laini na refu likiwa gumu. Fupi likiwa laini! Nikamuuliza arudie. Akarudia taratibu kama anamfundisha mtoto, nikamwambia ahsante sana mzee wangu, akasema ndo kazi yetu sote mwanangu.

Kwa hiyo sasa nimeacha vipimo vya kwenye kitabu. Nimeacha kukwangua ndani zaidi ya ule usponji. Nimefupisha ridi yote kutoka milimita 72 mpaka 68, na kabla ya kukunja naloweka masaa manne badala ya moja, maji ya uvuguvugu, na kuchora alama ya kukunjia kwa kisu kidogo sana. Hazipasuki sana tena kwenye kukunja, katika 20 zimepasuka 5. Noti A imepanda mpaka 438, ukikaza mdomo 440 unaipata. Mate bado yanazisumbua ila zinafika siku nne, tano. Kwa konseti hapana, sauti ya juu inakosa mwili. Kwa mtoto anayejifunza kushika mdomo na pumzi zinatosha sana, na hazina gharama zaidi ya uzi na mda, mrija wa shaba unatumika tena na tena.

Fungu la mwezi mchanga: matete 2 kati ya 5 yametobolewa na fukusi. La mwezi mpevu, hakuna hata moja. Ni machache mno kusema kitu kwenye tasnifu, ila nimempigia babu simu nimwambie.

Mtu ameniuliza kwa nini nisipake obo mawese maana Kigoma yamejaa. Jamani hapana, yanaganda yanashika vumbi yanaziba matundu. Mafuta ya lozi, tone moja, kitambaa kikavu.

Oktoba

Nimempigia babu obo kama nilivyoahidi, ufukweni Ujiji, jioni, kabla mvua hazijakolea. Sina mpiga kinanda kwa hiyo nilichagua mtunzi Britten wa Uingereza, ile metamofosi sita za Ovid, yaani vipande sita vya hadithi za kale za watu kugeuzwa, kwa obo peke yake, kwanza kwa sababu ilipigwa mara ya kwanza mwaka 1951 nje, kwenye maji ya Thorpeness huko Uingereza, pili kwa sababu kipande cha kwanza ni habari ya Pan na matete. Nimewaeleza kabla ya kupiga: kulikuwa na binti akikimbizwa, akafika mtoni akaomba asaidiwe akageuzwa kuwa matete, na aliyekuwa anamkimbiza akabaki amekumbatia mashina, akasikia upepo unalia ndani yake, akayakata akatengeneza chombo. Kinamama wakanyamaza kabisa. Mmoja akasema taratibu, masikini, na hata hapo hakumwacha.

Nilipiga kwa ridi ya kununua, ndo ukweli, ya mwisho iliyobaki, isipokuwa Pan. Pan nimeipiga kwa tete ya Luiche namba 41. Sauti za juu zilikuwa nyembamba na upepo wa ziwa ulichukua nusu, ila noti ndefu ya katikati ilisimama, nikaisikia inarudi kwenye boti zilizopaki. Babu alikuwa amekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, fimbo katikati ya magoti, nilipomaliza akauliza hiyo ndo ile tuliyokata upande wa kushoto? Nikamwambia ndiyo babu. Akasema ile ilikuwa imekomaa.

Wanafunzi nao wamepiga, tenzi mbili kwa kupokezana obo, kila mmoja anatoa ridi yake kwenye kikopo cha dawa chenye jina lake. Binti wa Katonga yake ameifunga mwenyewe, uzi mwekundu, mizunguko inapishana kidogo kwa chini ila haivuji. Kaka wa Gungu ana mtihani wa taifa mwezi ujao na nimemwambia apumzike kwanza, amekataa.

Hesabu ya leo: za kununua hakuna, za matete zinazolia 14, mabomba makavu yanayosubiri 31, nta imebaki kama kidole gumba. Jumatatu tunarudi Luiche kabla mto haujajaa, binti ameomba tupite kwao Katonga tuchukue panga la baba yake.